Uzi: Uongozi katika utetezi wa haki za uzazi: kalamu inayoamua iko mkononi mwa nani, na lini?

#1 KalamuYaBajeti

Wakuu, salaam.

Vijana wengi wanauliza njia ya kufika kwenye uongozi wa mashirika yanayotetea haki za uzazi: asome nini, aanzie wapi, atapandaje kutoka afisa mradi hadi mkurugenzi. Wengi hujibiwa kwa orodha ya shahada na semina. Naomba hapa tuiweke kazi yenyewe ilivyo, tuzungumze kwa Tanzania kwanza, na wenzetu wa nchi jirani waongeze.

Hoja yangu ni moja. Kiongozi wa kazi hii hujulikana kwa kufahamu uamuzi unasainiwa na nani, mwezi gani, na karatasi ipi inatakiwa iwe mezani kwake kabla ya siku hiyo. Ufasaha wa jukwaani unasaidia, lakini haujawahi kujaza stoo ya zahanati.

Tuanzie halmashauri, maana ndiko mama anakoambiwa "sindano zimeisha, rudi wiki ijayo".

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila fedha yake huamuliwa mapema mno. Serikali hutoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Zahanati na kituo cha afya huandika mpango wao, na kamati ya usimamizi wa kituo huujadili. Mipango hiyo inakusanywa na timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri kuwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Kisha inakuja Kamati ya Huduma za Jamii, Kamati ya Fedha na Baraza la Madiwani, kwa kawaida kati ya Desemba na Februari. Kutoka hapo unapanda mkoani, TAMISEMI na Hazina. Kamati za Bunge zinakaa kabla ya Aprili, Bunge la bajeti linaanza Aprili, na hotuba kuu inasomwa Juni.

Sasa angalia mashirika yanavyofanya: tamko linatolewa Juni, waandishi wanaitwa, picha zinapigwa. Kufikia Juni ukomo wa bajeti umeshafungwa, na mbunge anayekuunga mkono hana cha kuhamisha. Mlango wa kwanza ulikuwa zahanati, Novemba, kwenye kikao cha watu wachache ambacho hakikuhitaji hata ukumbi wa kukodi. Tangu fedha zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, mwaka wa fedha 2017/18, kikao hicho kina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kosa la pili ni kumwomba mtu kitu ambacho si chake kutoa. Dawa za uzazi wa mpango kwa sehemu kubwa hununuliwa kitaifa na kusambazwa na Bohari ya Dawa. Ukimwendea mkurugenzi wa halmashauri ukamwambia anunue sindano, atakusikiliza kwa heshima na mambo yataishia hapo. Mwombe anachoweza: mafuta na posho za huduma za mkoba (watumishi kuwafuata wananchi vijijini), mafunzo ya watoa huduma, glovu, dawa ya ganzi, vifaa vya kutakasia. Hoja ya kununua dawa ipeleke Wizara ya Afya, Fungu 52, yaani namba ya wizara kwenye kitabu cha bajeti ya taifa. Hoja ya watumishi na majengo ya halmashauri inagusa TAMISEMI, Fungu 56. Asiyejua mafungu haya mawili atazungushwa miaka.

Na msichanganye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Ile ni mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haigeuzwi kuwa fedha ya huduma za afya, na kuidai kwa ajili hiyo kunakuvunjia heshima mbele ya mweka hazina.

---

#2 Mkunga wa Zamu

Shukrani mkuu kwa kufungua uzi huu. Niongeze upande wa stoo, kwa sababu mtetezi asiyejua hesabu ya stoo hukamatwa kirahisi.

Hesabu inayotumika kimataifa ni ya kinga ya mwaka mmoja kwa wenza wawili. Sindano ya miezi mitatu: dozi 4. Vidonge: pakiti 15, kalenda inasema 13, lakini kuna zinazopotea na zinazoharibika. Kondomu: 120. Kipandikizi, kile watu wanachoita njiti, kinahesabiwa kwa miaka inayotarajiwa kutumika, si ile iliyoandikwa kwenye boksi, maana wapo wanaokitoa mapema.

Chukua mfano wa kukokotoa tu. Halmashauri ina wanawake 12,000 wa sindano ya miezi mitatu. Matumizi ya mwaka ni dozi 48,000. Ukitaka akiba ya miezi mitatu, ongeza 12,000: jumla 60,000 kwa mwaka wa kwanza, na mwaka unaofuata unarudi kwenye 48,000 ukiongeza wateja wapya. Zidisha kwa bei ya katalogi ya Bohari ya Dawa ya mwaka huo. Ukipeleka karatasi yenye hesabu hiyo, mazungumzo yanabadilika. Ukipeleka "tunaomba serikali iongeze uwekezaji", utapewa chai.

Jambo la pili naliandika kwa uchungu. Bajeti nyingi zinaweka fedha ya kuweka njiti na kusahau kuitoa. Njiti ya miaka mitatu iliyowekwa leo inatakiwa kutolewa ndani ya miaka mitatu, na mwanamke ana haki ya kuitoa hata kesho bila kuhojiwa. Kuitoa kunahitaji mtu aliyefundishwa, ganzi, kisu kidogo, koleo maalumu na muda. Njiti iliyozama ndani sana inahitaji rufaa. Zahanati isiyoweza kutoa haijakamilisha huduma, na mtaani habari husambaa haraka: "ukiwekewa hawakutoi". Hapo umepoteza imani ya kata nzima. Kiongozi akisimamia mradi unaohesabu waliowekewa peke yao, aongeze safu mbili kwenye fomu: walioomba kutoa, na waliotolewa siku hiyohiyo.

---

#3 Mzee wa Kariakoo

Mimi nauliza kwa nia njema kabisa. Haya mambo si ajenda ya wafadhili? Wazee wetu walizaa na hawakuwa na mashirika. Na dini inasemaje?

---

#4 KalamuYaBajeti

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo analokutana nalo kila kiongozi wa fani hii, na akilijibu kwa dharau kazi yake imeishia hapo.

UMATI, chama cha uzazi na malezi bora, kilianza 1959, kabla ya bendera yetu kupandishwa. Bi Gertrude Mongella wa Ukerewe ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing 1995, kisha akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika 2004. Kwa hiyo jambo hili lina mizizi hapahapa.

Kuhusu wazee wetu, mzee, kupanga uzazi walikuwa nako: kunyonyesha muda mrefu, mama kurudi kwao baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Qur'ani, Al-Baqara aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili. Masheikh wengi wanajua mjadala wa azli, yaani mume kumwaga nje, na sharti la ridhaa ya mke. Kanisa Katoliki halikubali dawa, lakini linakubali kupanga kwa njia za asili. Kiongozi anayejua haya hamlazimishi padri kuhubiri sindano. Anamwomba azungumzie mimba za karibu karibu, wasichana kuozwa, na baba kumpeleka mama kliniki. Kila mmoja anaombwa lile ambalo dhamiri yake inaweza kulibeba.

Ila sehemu moja umesema kweli tupu: fedha. Utegemezi kwa wafadhili ni mkubwa mno, na natumaini mdau hapo chini ataligusia.

---

#5 Wakili wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nitaongea ya Kenya na ya mahakama.

Kwetu afya imegatuliwa kwa kaunti 47, kwa hivyo kalamu ni nyingi. Kalenda iko ndani ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, na tarehe zake mtetezi azijue kama anavyojua jina lake: mpango wa mwaka wa maendeleo Septemba 1, mapitio ya bajeti Septemba 30, waraka wa mwelekeo wa fedha Februari 28, makadirio Aprili 30, kupitishwa Juni 30. Kwa maoni yangu tarehe yenye nguvu ni Februari 28. Waraka huo unaweka dari ya kila sekta, yaani kiwango cha juu cha fedha zake. Ukija Aprili, mnagombania yaliyomo ndani ya dari ya afya tu. Ukitaka uzazi wa mpango uongezwe lazima uchukue kwa malaria au chanjo, na hapo unagombana na jirani yako. Ukija Februari unaweza kuomba dari yenyewe ipande.

Upande wa Katiba ya 2010: Ibara ya 43(1)(a) inataja afya ya uzazi kwa jina. Ibara ya 26(4) inasema utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Haya ni maneno ya Katiba, na mtetezi ayanukuu yalivyo, asiyapunguze wala asiyaongeze.

Sasa somo la uongozi. Mwaka 2012 Wizara ilitoa viwango na miongozo ya kupunguza vifo na madhara ya utoaji mimba usio salama. Desemba 2013 miongozo ikaondolewa kwa barua. Februari 2014 ikafuata barua nyingine ya kuzuia mafunzo. Katiba haikuguswa, Bunge halikukaa. Ilikuwa saini ya ofisa. Wauguzi wakabaki hawajui mpaka wa sheria uko wapi, na mtu aliye na hofu humrudisha mgonjwa nyumbani. FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, na wenzao walifungua shauri la 266 la 2015. Mahakama Kuu, majaji watano, iliamua Juni 2019 kwamba kuondolewa kule kulikiuka haki. Barua iliandikwa kwa siku moja, na kuitengua kulichukua miaka zaidi ya mitano. Kwa hiyo shirika makini humweka mtu wa kufuatilia nyaraka za wizara kila wiki, na mwongozo mzuri ukipatikana linasukuma uingizwe kwenye kanuni au sheria.

Kuna shauri jingine la kusomwa na kila anayeingia fani hii: uamuzi wa 2015 kuhusu akina mama waliozuiliwa hospitali ya uzazi Pumwani kwa sababu ya deni. Mahakama ilisema hospitali haina mamlaka ya kumfunga mgonjwa kwa deni. Na la Bungoma, Machi 2018, mama aliyejifungulia sakafuni akapigwa: fidia ilikuwa shilingi milioni 2.5. Haki za uzazi ni pamoja na kitanda, matusi ya leba na mlango wa kutokea hospitali. Watu wakisikia neno hili huwaza mimba peke yake, na sisi watetezi tumechangia kosa hilo.

---

#6 Binti Ziwa

Wakili, umesema vizuri. Niunganishe na Tanzania, maana sisi tuna mfano wa ushindi wa mahakamani ambao kalamu ya Bunge haikuufuata.

Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative alifungua shauri, na Julai 8, 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Miaka mitano baada ya hapo vifungu vilikuwa bado havijarekebishwa bungeni.

Walioandika bajeti ya kesi peke yake walijikuta hawana fedha siku hukumu ilipotoka. Kesi ya sera ina awamu tatu: kabla, wakati na baada. Ya tatu ndiyo ndefu: rasimu ya marekebisho iliyo tayari, mazungumzo na kamati ya Bunge, viongozi wa dini, mahakimu wa mwanzo, wasajili wa ndoa. Mimi ningetenga nusu ya fedha kwa ajili ya baada.

Lakini pia kalamu inaweza kufanya mema upesi. Novemba 24, 2021 Waziri wa Elimu alitangaza wanafunzi waliokatiza masomo kwa kujifungua waruhusiwe kurudi shule, na waraka ukatoka. Kinachoumiza ni kwamba waraka hauna meno ya sheria. Ulivyoingia ndivyo unavyoweza kutoka. Halafu kuna shule ambako waraka haujawahi kubandikwa ukutani. Kazi ya kiongozi hapo ni ndogo na ya kuchosha: kuhesabu shule kwa shule wangapi waliondoka, wangapi wamerudi, nani anamshika mtoto mchana.

---

#7 Ndugu wa Bukavu

Jambo kwa wote. Kwa upande wa Kongo, Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ndiyo chombo kikubwa. Ilipitishwa Julai 11, 2003, ikaanza kutumika Novemba 25, 2005. Ibara ya 14 inahusu afya na haki za uzazi, na 14(2)(c) inataja hali ambazo mimba inaweza kutolewa kitabibu: ubakaji, ngono ya maharimu, hatari kwa mama au kwa kijusi.

Kuridhia peke yake hakukutosha kwetu. Ibara ya 215 ya Katiba ya Kongo inaupa mkataba nguvu juu ya sheria ukishachapishwa. Itifaki iliridhiwa mapema, lakini ikachapishwa katika Gazeti Rasmi mwaka 2018. Katikati hapo miaka ilipita na sisi tuna haki kwenye karatasi isiyotajika mahakamani. Kwa hiyo ukiona nchi imeridhia, uliza maswali mawili: imechapisha, au imetunga sheria ya utekelezaji? Na imeweka kipingamizi, yaani tamko kwamba ibara fulani haitaifunga? Kenya na Uganda ziliweka kipingamizi kwenye 14(2)(c). Rwanda iliweka, kisha ikakiondoa 2012. Mtetezi anayenukuu ibara hiyo Nairobi kana kwamba yuko Kigali atasahihishwa hadharani na mwanasheria wa serikali.

---

#8 Wakili wa Kisauni

> *Ndugu wa Bukavu: "uliza maswali mawili"*

Sahihi kabisa, na niongeze saa za mahakama za kikanda. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki pale Arusha: muda wa kufungua shauri la mtu binafsi ni miezi miwili tangu kitendo au tangu ulipokijua, Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miezi miwili! Mashirika hupoteza mashauri mazuri kwa sababu bodi ilikutana mwezi wa tatu. Kiongozi awe na kanuni ya dharura inayomruhusu yeye na mwenyekiti wa bodi kuidhinisha kesi ndani ya siku 10.

Na mapitio ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, yale ambayo kila nchi hupitiwa na wenzake: taarifa ya shirika moja isizidi maneno 2,815, ya muungano maneno 5,630. Ukizidisha hawakusomi. Andika mapendekezo matatu, yenye kitenzi, mhusika na muda. "Serikali iboreshe afya ya uzazi" ni pendekezo lisilopimika, na nchi hulikubali kwa furaha kwa sababu haliwagharimu.

---

#9 Mlezi wa Bodi

Naingia upande wa ajira na uendeshaji, maana mwenye uzi aliuliza mtu anapandaje.

Ngazi za kawaida: afisa wa uwandani, afisa programu, meneja wa utetezi na sera, mkurugenzi wa programu, mkurugenzi mtendaji. Wengi hukwama kati ya ya pili na ya tatu. Afisa programu anapimwa kwa shughuli alizofanya. Meneja wa utetezi anapimwa kwa uamuzi uliobadilika. Mtu anakuja kwenye usaili na orodha ya semina 40. Bodi inamuuliza: taja uamuzi mmoja, nani alisaini, mchango wako ulikuwa upi, na nani mwingine alichangia? Anayejigamba kwamba alifanya peke yake hapati alama. Hakuna sera inayobadilishwa na mtu mmoja, na wenzake watakuja kusema.

Masomo: udaktari si lazima, wala sheria. Ukunga, takwimu, uchumi, uandishi wa habari, vyote vina mlango. Anayetaka sheria kwa undani, Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kina shahada ya uzamili ya haki za uzazi na kijinsia kwa Afrika. Anayetaka afya ya jamii, Muhimbili ipo. Lakini mtihani ninaoupendekeza kwa mwajiri ni huu: mpe mwombaji kitabu cha bajeti cha halmashauri na saa mbili, aandike ukurasa mmoja kwa diwani. Utajua kila kitu. Fedha iliyotengwa na fedha iliyotolewa ni vitu viwili, na nusu ya waombaji watashangilia iliyotengwa.

Ukurasa huo uwe na mambo manne tu: tatizo kwa namba ya wilaya yake, chanzo, ombi moja lenye kiasi na kasma (mstari wake wa bajeti), na siku ya kikao kinachoweza kuamua. Viambatisho vibaki kwenye mkoba mpaka aombe.

Kuhusu namba. Utafiti wa kaya wa Tanzania wa 2022 ulitoa vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015/16 ulikuwa 556. Bado kuna mabango yenye 556 kana kwamba ni ya jana. Mganga mkuu akiliona hasomi mstari wa pili. Vilevile usilinganishe namba ya utafiti wa kaya na makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa. Yale hutumia modeli, ni kipimo kingine. Utafiti huohuo wa 2022 unaonyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walishawahi kubeba mimba, na wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 31. Kenya mwaka huohuo ni 15 na 57. Namba hizo zinatosha kuanzisha kikao bila kupaka rangi.

Sasa fedha, ambayo mzee wa Kariakoo aliigusa. Mwaka 1984, kwenye mkutano wa watu na maendeleo Mexico City, Marekani ilitangaza kwamba shirika la nje ya Marekani linalotoa au kutetea utoaji mimba halitapata fedha zake za uzazi wa mpango, hata kama huduma hiyo linaigharamia kwa fedha nyingine. Sera imefutwa na kurudishwa kila chama kikibadilishana Ikulu: ikafutwa 1993, ikarudi 2001, ikafutwa 2009, ikarudi kwa upana 2017, ikafutwa Januari 2021, ikarudi Januari 2025. Mwezi huohuo misaada ya nje ilisimamishwa, na Julai 1, 2025 USAID ikakoma kufanya kazi. Huwezi kusema hukujua itabadilika, historia inakuonyesha. Kiongozi asaini mkataba baada ya mwanasheria kusoma kipengele hicho, ajue kinawafunga pia wale wadogo anaowagawia fedha, na asikubali mfadhili mmoja avuke theluthi ya bajeti. Akiba ya uendeshaji ya miezi sita ndiyo inayolipa mishahara wakati barua ya kusimamisha ikifika Ijumaa jioni.

Na msisahau sheria za nyumbani. Tanzania, mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 unawasilishwa Hazina na kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali ndani ya siku 10. Kenya, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya 2013 imeanza kutumika Mei 14, 2024. Mashirika yenye msimamo mkali hufungwa kwa makosa madogo ya karatasi kuliko kwa msimamo wenyewe.

---

#10 Mkunga wa Zamu

Naomba tuseme pia kuhusu simulizi za waathirika, kwa sababu hapa watu wema wanaumiza watu.

Binti aliyebakwa akapata mimba haletwi mbele ya kamera kwa posho. Kuficha jina hakutoshi: kijiji, shule, umri, sare na sauti vinamtambulisha kwa jirani zake. Ridhaa iombwe mara mbili, siku tofauti, na mtu asiyemlipa chochote; akiwa mtoto, mlezi na ustawi wa jamii wahusike; aambiwe wazi kwamba huduma ataipata hata akikataa. Na awe na haki ya kuiondoa simulizi yake baadaye. Kikao cha madiwani hakihitaji machozi yake. Rejista ya kliniki iliyoondolewa majina inaeleza vya kutosha.

Halafu upande wa watumishi: mkunga asigeuzwe adui. Kituo chenye mkunga mmoja kwa wazazi watano usiku mmoja kitatoa huduma mbaya hata akiwa malaika. Mtetezi anayedai adhabu bila kudai watumishi anapoteza shahidi wake bora.

---

#11 Nesi wa Mara

Dada Mkunga na kaka KalamuYaBajeti, asanteni. Ninafanya kazi kituo cha afya, na kuna kikundi chetu kidogo cha wanawake kilichosajiliwa. Leo ni wiki ya kwanza ya Novemba. Hatuna mfadhili. Tuanze na nini hasa? Tatizo letu kubwa ni huduma za mkoba kusimama. Vijiji vya mbali havijafikiwa tangu Julai.

---

#12 KalamuYaBajeti

Dada, mmeuliza mwezi unaofaa.

Wiki hii pata mpango wa afya wa halmashauri wa mwaka huu, na ripoti ya robo ya kwanza, Julai hadi Septemba. Tafuta mstari wa huduma za mkoba: zilitengwa shilingi ngapi, zimetolewa ngapi. Kama zilitengwa na hazikutolewa, shida yako ni mweka hazina na mtiririko wa makusanyo, na ombi lako ni tarehe ya kutolewa. Kama hazikutengwa, shida ni mpango, na ombi lako ni mstari mpya mwaka ujao. Haya ni maombi mawili tofauti kwa watu wawili tofauti. Msiyachanganye kwenye barua moja.

Wiki ya pili, kwa kuwa wewe ni mtumishi, usiwe msemaji. Kanuni za utumishi zitakubana, na wasiopenda hoja watashughulika na wewe badala ya hoja. Msemaji awe mama mwingine wa kikundi, ikiwezekana mkazi wa kijiji kimojawapo kisichofikiwa. Wewe saidia kusoma takwimu ambazo tayari ni za wazi.

Wiki ya tatu, mwombeni mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa kituo aiweke hoja kwenye ajenda ya kikao cha mpango. Hesabu iwe fupi: vijiji vingapi, safari ngapi kwa mwezi, lita za mafuta kwa safari, posho za watumishi wangapi, mara miezi 12. Muhtasari wa kikao ndio silaha yenu, kwa hiyo hakikisheni mjumbe mmoja anaandika kiasi kilichokubaliwa, neno kwa neno, kabla hawajasaini.

Desemba mwendeeni diwani kabla Kamati ya Huduma za Jamii haijakaa. Nendeni watatu, na karatasi moja. Mwombeni aulize swali moja tu kikaoni, mmwandikie swali lenyewe. Diwani mmoja asiwe tegemeo lenu lote. Akishindwa uchaguzi hoja inazikwa naye. Tafuteni wawili wa kata jirani zenye shida hiyohiyo.

Msisahau mganga mkuu wa halmashauri. Mpelekeeni nakala mapema, kabla ya diwani, ili asiione mara ya kwanza mbele ya watu. Akishtukizwa atajitetea, akijua mapema mara nyingi ndiye atakayewapa namba ambazo hamkuwa nazo.

Mkinyimwa ripoti ya robo, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo barua isainiwe na mama mmoja kwa jina lake badala ya jina la kikundi, iombe waraka unaotajwa kwa jina na kipindi, isiwe "taarifa zote za uzazi wa mpango". Ofisi ina siku 30 za kujibu. Ipelekeni masijala kwa mkono, nakala mbili, na ya kwenu irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo, na kikao cha madiwani hakitawasubiri.